Bi Nesi, nimehesabu pumzi za mwanangu mpaka nyumba nzima imenichoka

Asalaam aleikum Bi Nesi, shikamoo. Jina langu naomba ubaki nalo mwenyewe, niite tu Mama wa Shela.

Mimi nko Shela hapa Lamu, nimeolewa huu mwaka wa tatu, twakaa kwa kina mume wangu, sisi juu na mavyaa wangu na baba mkwe wako chini. Nna mtoto mmoja wa kiume, miezi minane sasa, ndo wa kwanza. Mambo yalianza mwezi uliopita, hizi baridi za kusi, mwana akashikwa na mafua na kikohozi, si kikali, lakini usiku nikamuona tumbo lampanda haraka haraka nikaingiwa na uoga, nikachukua simu nikauliza pumzi za kawaida ni ngapi, ikaniletea 12 mpaka 20 kwa dakika. Nikamhesabu mwanangu nikapata 44. Bi Nesi we fikiria, umeambiwa mwisho 20 na wako ana 44! Mume wangu alikuwa baharini, nikamfunika mtoto na leso nikaenda kumgongea jirani mwenye boti saa nne na nusu usiku akatupeleka mjini, pesa nilizokuwa nimeziweka za umeme zote zikaishia hapo. Kufika, yule aliyekuwa zamu akamtazama mtoto, akamtazama mwenzake, wakacheka. Akaniambia mama, huyu ni mtoto si babu yako, watoto hupumua hivo, nenda kalale. Basi. Hakunieleza kitu kingine, na mimi nkaona aibu kuuliza. Kurudi nyumbani mavyaa akaitoa habari mpaka kisimani, nkaitwa Daktari Google wiki nzima, ata watoto wa madrasa walikuwa wanijua.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Haikupita wiki tatu mwana hawezi tena, safari hii na homa. Nikamhesabu amelala nikapata 58, nikarudia nikapata 56. Nkajiambia si waliniambia watoto hupumua hivo, 44 walinicheka, na hii nayo watanicheka, na mume wangu alishasema pesa za boti hana tena. Mavyaa akafukiza udi chumba kizima akamchua kifua na mafuta ya habasoda akasema kama ni kikohozi cha kurudi rudi basi ni kimeo, kuna mtu amjua wa kukikata, tungoje kuche. Kulipokucha mtoto alikuwa akataa kunyonya na kile kifua hapa chini ya mbavu chabonyea ndani kila akivuta. Tukakimbia. Nimonia. Alilazwa siku nne na akawekewa oksijeni. Alhamdulillahi amepona, lakini mimi sijapona.

Tangu tutoke namhesabu kila usiku, saa tatu, saa sita, saa nane, kabla ya alfajiri. Nna daftari. Naandika 32, 38, 29, juzi nikapata 46 sikulala kabisa. Shemeji yangu alitoka Mombasa akaniletea ile mashine ya kubana kidole, nikamtia mwana ikasoma 97 na chini yake 131, nkapiga ukelele nyumba nzima ikaamka nikidhani apumua mara 131! Mume wangu asema daftari atalitia baharini. Mavyaa asema pumzi za mja zahesabiwa na Mungu peke yake na mimi namtia mtoto kijicho kwa hizi hesabu. Hatusemezani vizuri, na kosa la usiku ule mimi namlaumu yeye kwa moyo na yeye nadhani anilaumu mimi.

Naomba unieleze kwa lugha ya mtu asiyesomea, nihesabu vipi, nambari gani ni ya kukimbia na gani ni ya kulala, na nifanyeje na mavyaa.

Halafu kitu kimoja tena samahani barua imekuwa ndefu. Baba mkwe ana sukari na ni mtu wa miaka sabini na kitu, juzi nilimhesabu kwa macho alipopanda ngazi kuja kwetu nikapata 26, halafu akaniona namtazama kifuani akanuna, nkahesabu tena nikapata 10. Ni yeye mgonjwa ama ni mimi nimekuwa wazimu?

Mama wa Shela

BI NESI AJIBU

Waaleikum salaam mwanangu, marahaba. Wewe si wazimu, na barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na hasira, na hasira zenyewe si kwako wala si kwa mavyaa wako.

Nianze na usiku wa kwanza kwa sababu naona ndo uliozaa wa pili. Mama amevuka maji usiku na mtoto mkononi na nambari kichwani, yaani amefanya kitu ambacho sisi manesi twawaomba wamama wafanye kila siku, halafu achekwa. Aliyekucheka alikuwa sawa kwa jibu na alikosea kwa kila kitu kingine. Ilimtaka nusu dakika tu akwambie mama, hesabu yako ni sahihi, chati uliyosoma ndo si ya huyu, ya huyu ni hii. Angekwambia hivo, wiki tatu baadaye ungeiona 58 ungepanda boti. Nimekaa wodi ya watoto miaka mingi na hili nimeliona tena na tena, mama akichekwa leo kwa kuja mapema, mara ya pili huja amechelewa. Na ukweli niuseme, mimi mwenyewe nikiwa kijana nimewahi kuwacheka.

Sasa hizo nambari. 12 mpaka 20 kwa dakika ni za mtu mzima aliyekaa ametulia. Mtoto mapafu yake madogo na mwili wake watumia oksijeni nyingi kwa ukubwa wake, kwa hiyo lazima avute mara nyingi zaidi, na kadiri alivyo mdogo ndivyo zinavyokuwa nyingi. Kwa mtoto mwenye kikohozi au anayepumua kwa shida, Shirika la Afya Duniani limeweka mipaka ambayo hata dispensari zetu zatumia: mtoto wa chini ya miezi miwili, 60 na kuendelea ni haraka. Wa miezi miwili mpaka kabla hajatimiza mwaka, 50 na kuendelea. Aliyetimiza mwaka mpaka miaka mitano, 40 na kuendelea. Wako yuko hapo katikati. Kwa hiyo 44 ya usiku wa kwanza ilikuwa chini ya mpaka. 58 na 56, mara mbili, amelala, ana kikohozi na homa, hiyo ilikuwa ya kwenda usiku ule ule, na sikwambii hivi nikuumize, nakwambia kwa sababu umeuliza na kwa sababu hesabu yako ilikuwa nzuri. Ni mara chache mama ahesabu mara mbili bila kufundishwa na zikakaribiana hivo. Tena uangalie, siku atakayotimiza mwaka, mpaka wake nao wahama, 44 ile ile akiwa na kikohozi itakuwa ni ya kumpeleka.

Na kwa nini nimonia yaongeza pumzi? Vile vifuko vidogo ndani ya mapafu vyajaa majimaji na usaha, basi kila pumzi yaleta oksijeni kidogo kuliko kawaida, na mwili wajaribu kufidia kwa kuongeza idadi. Ndo maana hesabu ya pumzi yaweza kutwambia jambo hata pale ambapo hakuna eksirei wala maabara, kijijini Matondoni au Kipungani huko.

Namna ya kuhesabu. Mtoto awe ametulia, amelala au yuko macho sawa tu, lakini asiwe alia wala anyonya. Akiwa ametoka kulia mngoje dakika kadhaa mpaka atulie kabisa. Pua ikiwa imeziba, mtie matone ya maji ya chumvi safi umpanguse kwanza, pua iliyoziba yamfanya apambane na kelele nyingi ukadhani ni kifua. Inua fulana uone tumbo na kifua cha chini, wa umri huu wapumua kwa tumbo zaidi, usihesabu kwa kusikiliza wala kwa kumwekea mkono, tazama. Tumbo kupanda na kushuka ni pumzi moja, wengine huhesabu kupanda moja na kushuka moja, wapata mara mbili halafu wazimia. Taa iwe ya kutosha, tochi ya simu weka pembeni isimpige machoni. Na uhesabu dakika nzima, sekunde 60 kamili.

Hapo kwa dakika nzima nitakaa kidogo kwa sababu kila mtu hukata. Wachukua sekunde 15 wazidisha kwa nne, nami nilifanya hivo zamani nikiwa na foleni mpaka mlangoni. Siku moja nikapata 12, nikazidisha, 48, nikaandika kawaida. Mwenzangu akanambia rudia dakika nzima, ikatoka 54. Sikukosea kuhesabu, ila ukikata hivo pumzi moja tu ikikuponyoka zakuponyoka nne, na mtoto hapumui kama saa ya ukutani, atavuta haraka haraka kidogo halafu atatulia halafu atavuta tena. Wachanga wa wiki za kwanza ndo zaidi, waweza hata kusita sekunde chache wakaendelea, kwa hiyo hao ukipata 60 warudia, ukipata 60 tena ndo hiyo, waondoka. Lakini mchanga akisita mpaka sekunde 20, au akisita akabadilika rangi, hiyo si ya kuhesabu, ni ya kukimbia. Hizo apu za kugonga kioo kila pumzi nyingine zapima pumzi chache tu zamaliza, mimi kwa mtoto mdogo naona taima ya kawaida ya simu yatosha.

Shida ni kwamba macho ni mawili tu, ukitazama saa wapitwa na tumbo, ukitazama tumbo hujui dakika imeisha saa ngapi. Hapa ndo namtaka mavyaa wako.

Ana tasbihi? Najua anayo. Tasbihi ya punje 99 ina vituo, baada ya 33 na baada ya 66. Mkalishe kando ya mwana, mwambie mama, mimi nashika saa, wewe kila tumbo likipanda sukuma punje moja. Dakika ikiisha useme basi. Kama hajafika kituo cha kwanza mwana yuko 33 kushuka chini. Akivuka kituo akasukuma 17 zaidi, hiyo ni 50, mpaka wenu umefika. Akishatimiza mwaka itakuwa kituo na punje saba. Kama hapendi kuitumia ya ibada, tunga ushanga wako mwenyewe, punje 49 za rangi moja na ya 50 nyekundu, hilo wala si jambo nimelibuni mimi, kuna wahudumu wa afya sehemu nyingi wamefundishwa kuhesabu kwa shanga za rangi.

Na lile neno lake kwamba pumzi zahesabiwa na Mungu, usibishane nalo, ni neno la kweli. Mwambie sisi hatuhesabu zilizobaki, twahesabu hizi za dakika moja tujue kama mwana ataka msaada. Mimi mavyaa yangu mwenyewe, Mungu amrehemu, alikuwa akisema hayo hayo, na nilipompa kazi ya kushika tochi akawa ndo wa kwanza kuniita, njoo uone huyu leo atweta. Mtu akiwekwa kando hupinga. Yeye amelea watoto wangapi kabla yako, na wewe ulikuwa wafungia mlango na daftari lako.

Kwa udi na kimeo lakini sitamtetea. Udi ni raha yetu na nguo zangu mimi zote zanukia udi, lakini moshi ni moshi, kifua cha mtoto kinachopigana na nimonia hakitaki moshi wa udi wala wa makaa wala sigara ya mtu. Fukizeni nguo chumba kingine, mtoto akiwa hayupo. Mafuta ya habasoda juu ya kifua hayaponyi nimonia, akitaka kumchua kidogo kwa mapenzi sawa, ila kusiwe ndo sababu ya kungoja kuche. Kukata kimeo ni hapana, moja kwa moja. Kimeo hakileti nimonia, na kile kisu kinaleta damu isiyokatika na maambukizo na nimeona watoto walioletwa baada ya kukatwa, hayo sitayaeleza hapa.

Sasa kitu ambacho ni kikubwa kuliko nambari na ambacho wewe ulikiona asubuhi ile bila kufundishwa. Kile kifua chini ya mbavu kubonyea ndani wakati avuta. Kwa kawaida mtoto akivuta, kifua na tumbo vyatoka nje pamoja. Ukiona sehemu ya chini ya kifua yaingia ndani wakati tumbo latoka, mtoto ametulia si kwamba alia, hapo hata kama hesabu yako ni 42 waenda. Vilevile akiguna kila akitoa pumzi, matundu ya pua yakitanuka, kichwa kikiitikia kila pumzi kama mtu akubaliana na maneno, akitoa sauti kama mkoromo wa ukali wakati avuta na ametulia. Na hizi hapa ni za kukimbia bila kuhesabu chochote: akataa kunyonya kabisa, atapika kila anachopewa, ameshikwa na degedege, amelegea ukimwamsha hazinduki vizuri, au ulimi na midomo imegeuka rangi ya kijivu au bluu. Kwa ngozi zetu hizi tazama ulimi na ndani ya mdomo, ngozi ya uso yadanganya.

Tena kuna mtego, sikiliza vizuri. Mtoto amepumua 60 usiku kucha, alfajiri wahesabu wapata 30. Wamama wengi hapo husema alhamdulillahi amepoa. Tazama mtoto mwenyewe. Kama amechangamka, anyonya, acheka na mtu, kweli amepoa. Kama amelegea kama leso iliyoloa, amechoka, misuli ya kupumua imeshindwa, na hiyo 30 ni mbaya kuliko ile 60.

Homa nayo yaongeza pumzi, pamoja na joto la chumba na kumvika nguo nne. Kwa hiyo ukipata 52 na mwili wawaka, mpe dawa ya homa aliyoandikiwa kwa kipimo cha uzito wake, mpunguze nguo, mhesabu tena homa ikishuka. Ila ukiwa umeshapata 50 na zaidi na kuna kikohozi, kuhesabu tena kusiwe kisingizio cha kulala, aende akaonwe, kipimo ni kile kile awe na homa au asiwe nayo. Usipite kemisti ukanunua antibayotiki iliyobaki ya mtoto wa jirani. Nimonia ya mtoto isiyo kali mara nyingi yatibiwa na amoksilini ya vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, nyumbani, kwa kipimo chake na mpaka imalizike, ile kali ndo ya kulazwa. Lakini ya kuamua ni ipi ni yule aliyemshika mtoto.

Hiyo mashine ya kidole. Jamani hiyo 131 si pumzi! Ile 97 ni oksijeni kwa asilimia, na ya chini ambayo huandikwa PR ni mapigo ya moyo. Moyo wa mtoto mchanga kupiga 131 ni jambo la kawaida kabisa. Mashine nyingi za nyumbani hazihesabu pumzi hata kidogo. Na ya kidole cha mtu mzima kwa kidole cha mtoto wa miezi minane yateleza, yasoma itakavyo, kidole kikiwa baridi au mtoto akitikisika ni bure, na kwako wewe mkubwa ukiwa na piko au rangi ya kucha yaweza kusoma uongo pia. Ikikaa vizuri na mtoto ametulia na yasoma chini ya 90, hiyo ni dharura. Lakini ikisoma 97 na kifua chabonyea, amini kifua. Mshukuru shemeji, ameleta kitu cha maana, kitafaa kwa baba mkwe, nitafika kwake.

Daftari je? Usilitie baharini, lakini lifunge. Mtoto asiye na kikohozi, asiye na homa, anyonya na acheza, hana haja ya kuhesabiwa saa nane za usiku. Hiyo 46 ilokukosesha usingizi ilikuwa chini ya mpaka, na sijui alikuwa ametoka kunyonya au alikuwa aota ndoto, pumzi za mtoto mzima zapanda na kushuka usiku kucha, 29 yako na 46 yako ni mtoto yule yule mzima. Mhesabu siku akiwa mzima mara moja mbili ili ujue yake ya kawaida, uiandike nyuma ya kitabu chake cha kliniki. Halafu fungua daftari siku atakapokohoa au kupumua kwa shida. Siku hiyo hesabu, rudia baada ya saa chache, na kila unapoona amebadilika. Na kama bado usiku waamka moyo wakupiga wamuona amekufa, mwanangu, hiyo si ya mtoto tena, ni yako, umetoka kwenye wodi ya oksijeni na mtoto wa kwanza, huwapata wengi. Mwambie nesi wa kliniki ukienda kumpima uzito, na wala usione haya.

Ukiwa na hicho kitabu mkononi, tazama chanjo. Hapa Kenya chanjo ya numokoko, kile kijidudu kimoja kiletacho nimonia, imekuwa ikitolewa tangu 2011, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ile ya pentavalenti, sindano moja ya kukinga magonjwa matano, yaenda nayo, zote mbili zapunguza nimonia kali. Kama kuna iliyoruka, uliza. Haimaanishi hatapata tena lakini yapunguza.

Mume wako. Yeye hakuwa mbaya, alikuwa baharini na pesa zimeisha, na kwenye barua yako naona kila mtu alikuwa aamua peke yake. Kaeni siku moja mchana, mtoto mzima, mkubaliane mambo matatu tu, kwamba 50 yenye kikohozi hamngoji kuche, kifua kikibonyea hamngoji hata kuvaa, na mwenye mtoto mkononi haombi ruhusa ya mtu. Pesa ya boti iwe kwenye kopo lake isiguswe kwa umeme wala kwa sukari ya chai. Ongeeni na yule jirani mapema mumuulize usiku atachukua ngapi, na maji yakitoka boti yake yapakia wapi, na nambari yake na ya nahodha mwingine ziandikwe ukutani, simu hufa betri. Kutembea kwa pwani mpaka mjini mchana ni sawa, usiku maji yamejaa na mtoto atweta si njia hiyo. Na mtaani kwenu kuna mhudumu wa afya ya jamii, mtafute, wengi wao wamefundishwa hesabu hii na wengine wana kile kisaa chake, mwambie ahesabu nawe siku moja mlinganishe. Mkipata sawa, mlete na mavyaa aone.

Kuhusu nani wa kulaumiwa usiku ule, sina jibu la kukupa zaidi ya hili, kwamba mavyaa alifanya alichokijua na wewe ulinyamaza na ulichokijua kwa sababu ulishachekwa. Mpelekee tasbihi yake.

Haya, baba mkwe. Mtu mzima aliyepanda ngazi zetu za Lamu na hesabu ukaichukua hapo hapo, 26 si kitu, hata mimi hufika huko. Mtu mzima ahesabiwa akiwa amekaa dakika tano kumi kimya. 12 mpaka 20 sawa. Zikiwa 21 mpaka 24 ametulia, na si kawaida yake, aonwe siku hiyo. 25 na zaidi ametulia, ni haraka sana, msingoje. Chini ya 12 ya mtu aliyelala usingizi mzuri yaweza kuwa ni yake tu, lakini 8 kushuka chini na haamki sawa ni dharura, iwe ni mzee aliyezidisha dawa ya usingizi au kijana wa mtaani aliyevuta unga, hao pumzi zao hupungua badala ya kuongezeka na watu huwaacha wakidhani wamelala. Na kwa kuwa mzee ana sukari, akianza kupumua kwa kina na haraka bila kukohoa, kama mtu aliyekimbia na yeye amekaa, ana kiu, akojoa sana, atapika au mdomo wanuka kama tunda lililoiva kupita kiasi, hiyo si ya mapafu, ni sukari imechafua damu, hospitali hapo hapo.

Ile 10 ilitoka wapi? Uliitengeneza wewe. Pumzi ya mtu mkubwa ikishajua yatazamwa hubadilika, wengine huzivuta ndefu wengine huzibana, na mzee ameona mke wa mwanawe amkodolea kifuani, ungekuwa wewe ungefanyaje? Kwa hiyo twafanya hivi. Ngoja amekaa barazani amemaliza kahawa, mwambie baba nipe mkono nikutazame mapigo. Umshike kifundo cha mkono, hesabu mapigo kweli nusu dakika, halafu usiuachie mkono, uulaze juu ya tumbo lake kama bahati mbaya, macho kwenye saa, na dakika nzima hesabu mkono wake ukipanda na kushuka. Usimsemeshe, akiongea yote yaharibika uanze upya. Ukimaliza mwambie ukweli kwamba ulihesabu na pumzi pia, asije akasikia kwa mavyaa.